Kwa nini anayetafiti Uajemi hujikuta akisoma Kituruki

Mwezi wa Agosti 1514 majeshi mawili yalikutana Chaldiran, kaskazini-magharibi mwa Iran ya leo. Huku alikuwa Sultan Selim wa Kwanza, mtawala wa Dola ya Uthmania. Huku alikuwa Shah Ismail, aliyeanzisha utawala wa Wasafavi mjini Tabriz. Selim alishinda kwa mizinga na bunduki. Wote wawili walikuwa pia malenga, na mtu angetarajia sultani wa Waturuki atunge kwa Kituruki na shah wa Uajemi atunge kwa Kiajemi. Ilikuwa kinyume. Diwani ya Selim ni ya Kiajemi, na Ismail, aliyejitaja kwa jina la Hatayi katika beti zake, alitunga zaidi kwa Kituruki.

Habari hii husimuliwa kama kichekesho. Kwa mwanafunzi aliyejiandikisha uzamivu akitaka kuandika juu ya Wasafavi, haichekeshi hata kidogo. Wapiganaji wa Ismail, wale waliojulikana kama Kizilbash kwa wekundu wa vilemba vyao, walitoka katika makabila yanayosema Kituruki. Makarani wake waliandika Kiajemi, kwa kuwa ofisi za nchi ile zilikuwa zimeandika Kiajemi karne na karne. Na dola ilipotangazwa kuwa ya madhehebu ya Shia, baadhi ya wanazuoni walioitwa kuja kusomesha walitoka Jabal Amil, kusini mwa Lebanon ya leo, na vitabu vyao vya fiqhi ni vya Kiarabu. Baraza moja, lugha tatu. Anayejua Kiajemi peke yake atawasikia makarani tu. Askari na mashekhe watampita.

Ndugu na jamaa wa wanafunzi hawa wana swali lao la kila Idi: mwanangu, shule gani hiyo isiyokwisha? Mwenzako aliyesomea uhandisi keshaoa, keshajenga. Katika vyuo vya Marekani, miaka sita hadi minane ya uzamivu wa fani hii ni jambo la kawaida, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na lugha. Lakini ukisema "lugha" watu hufikiria kukariri msamiati na kufanya mtihani. Mambo yako chini zaidi ya hapo.

Tuanze na hesabu tupu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 1,100 za darasani kwa Kiajemi, nyingine kama hizo kwa Kituruki, na 2,200 kwa Kiarabu. Kiswahili wamekipa kama 900. Jumlisha zile tatu unapata 4,400, na hapo umefundishwa lugha ya leo, ya kusoma gazeti na kujadili mkutano. Waraka wa kale bado hujaugusa.

Tena saa hizo hazisaidiani kama mtu anavyodhani. Anayejua Kiswahili akijifunza Kinyarwanda hukuta ngeli zinamsubiri mlangoni. Hapa hakuna bahati hiyo, kwa sababu lugha hizi tatu hazina undugu. Kiarabu ni jamaa wa Kiebrania na Kiamhari, na maneno yake huota kwenye mizizi ya konsonanti, mara nyingi tatu. Kiajemi kiko ukoo mmoja wa mbali na Kihindi na Kifaransa. Kituruki ni cha jamii ya Kiuzbeki na Kikazaki, nacho hupachika viambishi nyuma ya mzizi kimoja baada ya kingine. *Evlerimizden*: *ev* ni nyumba, *ler* ni wingi, *imiz* ni yetu, *den* ni kutoka. Kutoka katika nyumba zetu, yote kwa neno moja. Mwingereza akiliona hushika kichwa. Sisi tunaosema "hatukuwapikia" bila kuvuta pumzi tunageuza upande tu, maana vyetu vingi vinakaa mbele.

Kuna zawadi nyingine ndogo kwa msomaji wa Kiswahili. Kiajemi na Kituruki havitofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. *U* ya Kiajemi na *o* ya Kituruki ni "yeye" wetu. Malenga wa Kiajemi Hafez wa Shiraz, aliyefariki karibu mwaka 1390, anamlilia mpenzi ambaye sarufi haisemi kama ni mwanamke, ni kijana wa kiume au ni Mola mwenyewe. Wafasiri wa Ulaya wamelazimika kuchagua, na kila aliyechagua amelivunja fumbo. Atakayemfasiri kwa Kiswahili ataliacha fumbo zima.

Lugha zilivyoingiliana

Ikiwa hazina undugu, zilikutanaje? Kwa dini, kwa utawala na kwa ushairi, takriban kwa mpangilio huo. Kiarabu kilikuja na Qur'ani na kikawa lugha ya elimu kuanzia Hispania hadi Asia ya Kati. Kiajemi kilirudi juu kuanzia karne ya 9 na ya 10 kama lugha ya mabaraza na mashairi, na waliokieneza zaidi walikuwa watawala wenye asili ya Kituruki. Waseljuki, mmoja wa koo hizo za watawala, walikipeleka Anatolia, ndiyo maana malenga Rumi aliishi Konya, ndani ya Uturuki ya leo, na akatunga kwa Kiajemi. Huko India ofisi za serikali ziliendelea kuandika Kiajemi hadi miaka ya 1830, Waingereza walipokiondoa.

Kwa hiyo watu waliandika lugha kulingana na kazi iliyo mbele yao, na asili ya mwandishi haikuamua kitu. Sarufi kubwa ya kwanza ya Kiarabu tuliyo nayo ni ya Sibawayh, aliyekuwa Mwajemi, wa karne ya 8. Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara na akaandika kitabu chake cha tiba kwa Kiarabu. Kamusi ya zamani kuliko zote ya lugha za Kituruki iliandikwa Baghdad katika miaka ya 1070 na Mahmud al-Kashgari, na aliiandika kwa Kiarabu, ili Waarabu wajifunze lugha ya mabwana wao wapya. Kamusi hiyo imebaki katika nakala moja tu duniani, iliyonakiliwa mwaka 1266. Ilijitokeza kwa muuza vitabu wa Istanbul mwanzoni mwa karne ya 20, mkusanyaji wa vitabu Ali Emiri akainunua. Muuzaji angekuwa na mteja mwingine siku ile, huenda fani ya Kituruki cha kale ingekosa nguzo yake moja kubwa.

Mchanganyiko ulifika kileleni katika Kituruki cha Uthmania, lugha ya ofisi za Istanbul. Tazama jina la heshima la dola yenyewe, *Devlet-i Aliyye*, Dola Tukufu. *Devlet* ni neno la Kiarabu, lile lile lililotupa "dola". *Aliyye* nalo ni la Kiarabu, tena limewekwa katika umbo la kike ili lipatane na mwenzake kama sarufi ya Kiarabu inavyotaka. Ile *i* ya katikati inayoyaunga ni ya Kiajemi. Kituruki hakimo. Kituruki hungoja mwisho wa sentensi, kwenye kitenzi, na karani aliyefuzu aliweza kumngojesha msomaji mistari mingi kabla ya kumwambia nani kafanya nini. Mwanafunzi anayejua Kituruki cha Istanbul ya leo akipewa waraka wa namna hii, na hata akisomewa kwa sauti, ataambulia viunganishi na kitenzi.

Na hapo ndipo penye fundo, kwa maoni yangu. Tunazungumza juu ya "jamii za Waarabu, Waajemi na Waturuki" kana kwamba ni vyumba vitatu vyenye kuta. Kuta hizo zipo, lakini nyingi zilijengwa karne ya 20, tena kwa amri. Tarehe 1 Novemba 1928 Bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya herufi mpya, na katika muda wa miezi michache magazeti yakahama kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini. Mwaka 1932 kikaundwa chama cha lugha kilichopewa kazi ya kufagia maneno ya Kiarabu na Kiajemi. *Mektep*, shule, ikawa *okul*. Iran nayo ikaanzisha baraza la lugha mwaka 1935 kwa nia ya namna hiyo hiyo, ingawa herufi haikuzigusa. Waazeri wa upande wa Urusi walibebeshwa zaidi: walianza karne na herufi za Kiarabu, wakapewa za Kilatini miaka ya 1920, za Kirusi mwaka 1939, na mwaka 1991 wakarudi kwenye za Kilatini. Watajiki, ambao lugha yao ni Kiajemi, wanaiandika kwa herufi za Kirusi hadi leo.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mwezi Oktoba 1927 Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, alihutubia kwa siku sita, jumla ya saa zaidi ya 36, akieleza jinsi jamhuri ilivyopatikana. Hotuba hiyo ni msingi wa taifa, na kijana wa Kituruki wa leo huisoma katika matoleo yaliyorahisishwa, kwa kuwa ile ya asili imekuwa ngumu kwake. Akienda makaburini hawezi kusoma jina la baba wa babu yake. Akiingia uzamivu wa historia, anakaa darasa moja na Mmarekani na Mjapani kujifunza mwandiko wa bibi yake mzaa bibi. Watu wa Pwani wanaijua hali hii: nyumba ngapi za Lamu na Unguja zina barua za wazee zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wajukuu wanazitunza bila kuweza kuzisoma?

Karatasi yenyewe

Sasa tuseme mwanafunzi amezimudu lugha na amefika Istanbul, kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali ya Uthmania, ambayo tangu 2013 iko mtaa wa Kağıthane. Mamilioni ya karatasi. Nyingi zimepigwa picha, na anazifungua kwenye kompyuta ya ukumbini. Anakutana na nini?

Kwanza anakutana na herufi zisizotosha. Kituruki kina irabu nane, na herufi za Kiarabu hazina nyenzo za kuzitenganisha. Neno linaloandikwa alif, wau, lam, dal, ya husomeka *oldu*, yaani "akawa", na husomeka vile vile *öldü*, yaani "akafa". Ukiandikiwa kwamba pasha fulani neno hilo limempata, usikimbilie kumwandikia taazia. Pengine kapandishwa cheo. Herufi kaf peke yake hubeba sauti ya k, ya g, ya n na wakati mwingine ya y. Msomaji mzoefu halitambui neno kwa kuliendeleza, hulitambua kwa kuwa anajua tayari karani atasema nini, na kujua huko hakupatikani ila kwa kusoma mamia ya nyaraka za aina ile ile.

Halafu tarehe. Kwenye pembe ya waraka hukuti mwezi umeandikwa kwa kirefu. Unakuta nuni moja, ndiyo Ramadhani. Lam ni Shawwal. Ba ni Rajabu. Herufi ra yenye alif pembeni ni Rabiul-awwal, na ra bila alif ni Rabiul-akhir, kwa hiyo aliyepitiwa na kijialif kilichofifia amelisogeza tukio mwezi mzima. Siku nazo mara nyingi hazitajwi moja moja. Mwezi umegawanywa kumi la mwanzo, kumi la kati na kumi la mwisho, kama tunavyozihesabu funga zetu, na karani hukuambia tu kwamba amri ilitoka ndani ya kumi fulani. Asiyejua hilo huandika tarehe kamili ambayo haikuwapo.

Mwaka pia una mtego. Hazina ya Uthmania ilitumia mwaka wa jua ulioanza mwezi Machi lakini ukahesabiwa kuanzia Hijra, nao ukaachana na Hijria ya mwezi tuliyoizoea. 1325 ya Hijria ni 1907 kuelekea 1908. 1325 ya hazina ni 1909 kuelekea 1910. Maasi makubwa ya Istanbul ambayo Waturuki wanayaita tukio la 31 Machi yalitokea tarehe 13 Aprili 1909 kwa kalenda yetu. Wairani wana Hijria yao ya jua, rasmi tangu 1925, inayoanza siku ya Nowruz, mwaka mpya wao. Mwaka 1976 Shah aliamua hesabu ianze kwa mfalme Koreshi, na 1355 ikageuka 2535 mara moja. Mambo yalipomchachia mwaka 1978 hesabu ya zamani ikarudishwa. Magazeti ya miaka hiyo miwili yako maktabani na tarehe zake za ajabu.

Wanaochunguza kodi na biashara wana adhabu ya ziada inayoitwa siyakat. Huu ni mwandiko wa wahasibu, hauna nukta, na tarakimu zake ni majina ya Kiarabu ya namba yaliyofupishwa hadi kubaki mikwaruzo. Ba, ta, tha, nuni na ya zote zinafanana. Ulitumika kwa Waturuki na kwa Waajemi, na aliyetaka kuficha mahesabu asingepata njia bora zaidi. Hufundishwa kama somo peke yake, na wapo maprofesa wa historia ya Uthmania wasioujua, ambao hupanga mada zao kwa namna ya kuukwepa. Siwalaumu.

Mtu atauliza: si nichague mji wa Kiarabu, kwa mfano Aleppo au Damascus, niishie na Kiarabu changu? Madaftari ya mahakama za kadhi za miji hiyo ni ya Kiarabu kweli, na ni hazina ya maisha ya kila siku: talaka, mirathi, ugomvi wa ukuta baina ya majirani, mjane anayedai bei ya nyumba. Lakini amri ilipotoka kwa sultani ilinakiliwa na kutunzwa hapo hapo mahakamani, kwa Kituruki. Anayeruka kurasa hizo anapata mji usio na serikali. Tasnifu za namna hiyo zimeandikwa, hasa zamani kidogo, na unazisoma ukishangaa jinsi watu wanavyogombana, wanaoana na kufa, na kodi inashuka kutoka mawinguni.

Wala herufi haikuambii lugha. Wayahudi wa Cairo waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, na stoo ya sinagogi yao, iitwayo Geniza, ilitoa vipande karibu laki mbili ambavyo leo viko Cambridge. Barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi zimo. Wakristo wa Anatolia waliandika Kituruki kwa herufi za Kigiriki. Riwaya inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya Kituruki, *Akabi Hikayesi* ya mwaka 1851, ilichapishwa kwa herufi za Kiarmenia, na Waturuki wengi hawakuwa na njia ya kuisoma.

Kompyuta zimeanza kusaidia. Zipo programu zinazofunzwa kusoma miandiko ya Uthmania, na mradi wa KITAB wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, London, unalinganisha maelfu ya vitabu vya Kiarabu vya kale kuona nani kanakili kwa nani. Herufi za Kiarabu zinashikana, kwa hiyo mashine inateseka zaidi kuliko kwa Kilatini. Inapokosea baina ya akawa na akafa, bado anahitajika mtu.

Utafiti wa watu walio hai

Wanaotafiti jamii za leo wanaukwepa mwandiko, ila lugha inawafuata kwa mlango mwingine. Mwaka 1959 Charles Ferguson aliandika makala iliyowapa wanaisimu jina la hali ya jamii moja kutumia namna mbili za lugha moja, za ngazi tofauti, na Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake mikuu. Mwanafunzi aliyefundishwa Kiarabu fasaha darasani anajua kusema *urid*, nataka. Akishuka Cairo anasikia *ayiz*, Damascus *biddi*, Morocco *bghit*. Neno la kwanza kabisa analolihitaji mtu mwenye njaa linabadilika kila mpaka, na Kiarabu chake safi kikiwafikia watu wa sokoni hucheka kwa upendo, kisha hunyoosha mazungumzo yawe rasmi, na hilo ndilo linaloharibu mahojiano.

Iran shida ni nyingine, inaitwa *taarof*. Ukimuuliza muuza duka wa Tehran bei, anaweza kukujibu kwamba kitu hicho hakina thamani mbele yako, yaani chukua. Ukichukua ukaenda zako, umemuibia. Ukiomba mahojiano ukakubaliwa papo hapo, pengine umekataliwa kwa adabu, na ukikataliwa mara ya kwanza pengine unasubiriwa uombe tena. Aliyelelewa Pwani, akakaribishwa chakula mlangoni na mtu aliyekwisha kula, ana pa kuanzia. Wengine hujaza daftari majibu ambayo hayakuwa majibu.

Kisha kuna hatari, ambayo haihusiani na sarufi. Giulio Regeni, mwanafunzi wa uzamivu wa Cambridge, alikuwa akitafiti vyama huru vya wafanyakazi Misri. Alitoweka Cairo tarehe 25 Januari 2016, na siku chache baadaye maiti yake ikapatikana kando ya barabara ikiwa na alama za mateso. Mwezi Agosti mwaka ule ule Xiyue Wang wa Princeton, aliyekuwa Tehran akisoma nyaraka za enzi ya Waqajar, alikamatwa na kuhukumiwa miaka kumi kwa madai ya ujasusi. Aliachiwa Desemba 2019 kwa kubadilishana wafungwa. Matthew Hedges wa Durham alishikwa Falme za Kiarabu mwaka 2018, akahukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa siku chache baadaye. Angalia mada ya Wang: nyaraka za utawala uliokwisha miaka ya 1920. Umri wa karatasi hauwi kinga.

Na hao ni wageni, ambao balozi zao hupiga kelele. Uturuki, mwezi Januari 2016, zaidi ya wanataaluma elfu moja walitia saini tamko la kutaka vita vya maeneo ya Wakurdi visimame. Mamia yao walifukuzwa kazi kwa amri za dharura baada ya jaribio la mapinduzi la Julai. Wanafunzi wao wakabaki bila wasimamizi katikati ya tasnifu.

Haya yote huamua nini kitaandikwa. Msimamizi mwenye huruma humwelekeza mwanafunzi kwenye hifadhi iliyo wazi na mada isiyomkera mtu, na mfadhili naye ana yake. Marekani ilianza kumwaga fedha katika lugha hizi kwa sheria ya mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Warusi kurusha Sputnik, na haikuwa kwa ajili ya Hafez. Ulaya ilikuwa imetangulia kwa sababu zake: Leiden ilikuwa na kiti cha uprofesa wa Kiarabu tangu 1613, Oxford tangu 1636, wakati wa kusoma Biblia kwa lugha za jirani zake na kufanya biashara na Istanbul. Msomi Mpalestina Edward Said alipowasuta wataalamu wa Magharibi wa fani hii mwaka 1978 kwamba elimu yao ilitembea pamoja na utawala, fani nzima ilitikisika, na hadi leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima aseme anasimama wapi. Ninachoona mimi ni kwamba hoja ya Said imepokelewa vizuri zaidi kuliko hoja nyepesi ya lugha: kwamba anayewazungumzia watu hana budi aweze kusoma wanachojiandikia wenyewe.

Upande wetu

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyepita chuo cha Qur'ani ana faida ya herufi, na asiidharau. Ila kuhitimisha msahafu na kufahamu hukumu ya kadhi ni mambo mawili, na wengi hulijua hilo wakifika al-Azhar. Kwa mwenye nia, utaratibu unaofaa ni Kiarabu kwanza, kwa kuwa kimelisha hizo nyingine mbili, kisha Kiajemi ambacho sarufi yake ni nyepesi, na Kituruki cha Uthmania mwisho, kinapokuwa kimebakisha vitenzi tu vya kujifunza. Atakayeanzia Kituruki cha leo atakizungumza haraka, kisha atalazimika kurudi nyuma kulipa deni lote.

Tena kuna kazi ambazo asiyejua Kiswahili hawezi kuzifanya. Omani ina watu wengi waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine waliitikia wito baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Mtafiti mwenye Kiarabu atapewa kahawa na tende Muscat, atajibiwa kila swali, na wazee wakigeukiana kukumbushana habari za Ng'ambo au Pemba atapotea.

Na kuna suala la Washirazi. Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, iliyobaki kwa Kiarabu na katika muhtasari wa Kireno wa karne ya 16, inasema waasisi wa utawala walitoka Shiraz. Wanahistoria wengi walikuja kuliona dai hilo kuwa la kujitafutia heshima tu. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya Pwani baina ya miaka 1250 na 1800, wakiwamo wa Kilwa, Manda na Mtwapa, pamoja na wa mji mmoja wa bara. Kwa wengi wa Pwani, akina mama wa ukoo walikuwa karibu wote Waafrika, na sehemu kubwa ya akina baba ilitoka Asia, hasa Uajemi, kuchanganyika kukianza karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 asili ya Arabuni ikaongezeka. Maabara imesema yake. Upande wa maandishi hali iko hivi: maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, ni ya Kiarabu, historia za miji ni za Kiarabu, tendi ni za Kiswahili, na Kiajemi karibu hakionekani ila katika maneno yaliyoingia Kiswahili, kama bandari na pamba. Watu waliotoka nchi yenye ushairi ule walifika, wakaoa, wakajenga, na ndani ya vizazi vichache wakaacha kuiandika lugha yao, au hawakuwa wakiiandika tangu mwanzo kwa kuwa Siraf na bandari nyingine za Ghuba nazo zilitumia Kiarabu katika mambo ya dini na biashara. Ipi kati ya hizo mbili? Tasnifu hiyo inamtaka mtu mwenye Kiarabu, Kiajemi na Kiswahili kwa pamoja, anayeweza kukaa mwaka mmoja na maandishi ya makaburi ya Ghuba na mwingine na ya Pwani.